Hapana ya Mzee Arvil

Simu iliita asubuhi Arvil Stidham akiwa amesimama mbele ya jiko, anakoroga mchuzi mweupe wa unga na maziwa wa kumwagia mikate yake. Hakuwa na desturi ya kupokea namba asizozijua. Lakini tangu wamfunge Lorna, kila mlio ulimshtua kama king'ora cha mgodini, basi akapokea.

"Naongea na mzazi wa mfungwa Stidham?" Sauti ya mwanamke, ya harakaharaka, ya mtu mwenye orodha ndefu mezani.

"Inategemea nani anauliza."

"Napiga kutoka zahanati ya gereza. Maswali machache tu, mzee. Kuna chakula au dawa inayomdhuru?"

"Hakuna."

"Amewahi kuugua kifafa, kisukari, moyo?"

"Hajawahi."

"Kuna dawa yoyote aliyokuwa anatumia nyumbani? Vidonge, sindano?"

Hapo mwiko ukasimama sufuriani. Swali alilielewa vizuri, tena vizuri sana. Miaka minane kila Ijumaa Lorna alijidunga pajani sindano ya homoni za kike aliyoandikiwa na daktari wa mjini, na marehemu Orlena, mkewe Arvil, ndiye alikuwa anamshikia pamba. Chupa zilikaa kwenye mlango wa friji, jirani na haradali. Alikuwa anazisogeza kila akitafuta siagi.

"Hakuna," akasema.

"Una hakika?"

"Mwanangu hatumii kitu. Hata cha kichwa hatumii. Kuna lingine?"

"Hakuna lingine. Ahsante."

Akakata simu, akala mikate yake moyo umetulia. Amewanyima.

Mtu wa mbali akisikia hivi atamwona Arvil mjinga. Aende kwanza akaishi bonde la Quillen Fork. Bibi yake Arvil aliwahi kuulizwa na polisi mumewe yuko wapi, akajibu hajamwona tangu Pasaka, na mume yuko chini ya kitanda amebana pua asipige chafya. Ikaja enzi ya vidonge vya maumivu. Madaktari wakavimwaga wilayani kama pumba kwa kuku, watu wakavizoea, watu wakafa, na waliofungwa hawakuwa madaktari. Waliofungwa ni akina fulani waliokutwa na bomba la sindano kwenye droo ya vijiko. Tangu hapo hakuna mzazi wa bonde lile aliyekubali mbele ya mtu wa serikali kwamba mwanawe anatumia chochote. Ukiulizwa, hapana. Ukiulizwa tena, hapana kubwa zaidi.

Gereza lenyewe lilikuwa juu ya mlima, au tuseme juu ya mahali palipokuwa mlima. Miaka ishirini na sita Arvil alitengeneza matingatinga yaliyokata kile kilele ili watu wachukue makaa ya mawe. Makaa yalipokwisha, kampuni ikafungasha, ikaacha uwanja mtupu kama upara. Ndipo wakubwa wakapanda na suti zao wakasema: tumewaletea ajira. Ajira gani! Wenye funguo wakawa watoto wa wachimbaji, na waliofungiwa wakawa watoto wa wachimbaji wale wale.

Lorna alipewa miaka mitano. Alimvunja mtu taya kwa spana ya magurudumu nje ya baa, baada ya mtu huyo na mwenzake kumchania gauni wakitaka kuona kuna nini ndani. Mahakama iliiona spana, gauni haikuliona. Na kwa kuwa cheti cha kuzaliwa kilisema mvulana, wakampeleka kwa wanaume.

Hiyo simu ilikuwa ya Machi. Julai Lorna akavunjika kifundo cha mkono.

Arvil alipomwona kwenye chumba cha wageni cha gereza, mkono umefungwa plasta ngumu, alisahau hata kumkumbatia, na kukumbatiana kunaruhusiwa mara mbili tu, kuja na kuondoka.

"Nani kakupiga?"

"Hakuna, Baba. Nimenyanyua sufuria."

"Sufuria gani inayovunja mkono?"

"Ya maharage. Tena haikujaa."

Aliketi. Chumba kilikuwa baridi ya kutetemesha, wageni wote wamejifunga masweta, lakini Lorna alikuwa anatiririka jasho, anajipepea kwa kifuniko cha kikombe. "Usinitazame hivyo," akasema. "Ni joto la kukoma hedhi. Fikiria, nimekoma kitu ambacho sikuwahi kukianza." Akacheka peke yake.

"Ongea vizuri na mimi."

"Naongea vizuri. Sikiliza, Baba. Wewe ni fundi, utaelewa. Mwili wa mtu unataka homoni, za kiume au za kike, mifupa haichagui. Za kiume nilishatoa kiwanda chake hospitalini, unakumbuka, Mama alinisindikiza. Za kike zilikuwa zinatoka kwenye chupa. Sasa chupa hamna. Sina hizi wala hizi."

Arvil akasugua vidole kama anayepima grisi. Kisha akasema, "Gia bila oili."

"Haswa."

"Itakwenda, lakini inajitafuna."

"Ndivyo inavyonitafuna."

"Daktari wao anasema nini?"

"Daktari yuko kwenye televisheni. Anakaa jimbo jingine, tunaongea dakika nne. Anasema hawezi kuendeleza dawa isiyo na ushahidi kwamba nilikuwa naitumia. Kanipa vidonge vya kalsiamu vya kutafuna. Vina ladha ya ndizi."

"Makovu hakuyaona?"

"Anasema kovu si cheti cha dawa." Lorna aliinama karibu, sauti akaishusha. "Kuna kitu kwenye faili langu. Nililisoma likiwa kichwa chini miguu juu, nesi alipogeuka. Limeandikwa: familia imethibitisha kwa simu, hakuna dawa. Walimpigia nani, Baba?"

Arvil akajifunga kifungo cha sweta.

"Sijui," akasema. "Labda shangazi yako Beulah."

"Shangazi Beulah hana simu."

"Basi wamejitungia. Hawa si kazi yao kujitungia?"

Lorna akaendelea kujipepea. "Labda," akasema.

Arvil aliteremka mlima siku ile akitukana njia nzima. Alimtukana mkuu wa gereza, akamtukana gavana, akaitukana kampuni ya tiba iliyopewa zahanati ya gereza kwa mkataba. Akarudi kwa ya zamani, akawatukana na madaktari waliomwambia Orlena ana kiungulia tu, mwaka mzima kiungulia, wanampa unga wa kukoroga kwenye maji, mpaka siku walipomfungua tumbo wakakuta saratani imeshajenga nyumba na imepangisha. Aliyesema kiungulia hakuja hata mazishini. Wakubwa hawaji. Wakubwa wana watu wa kuwatuma.

Alipofika nyumbani matusi yalikuwa yamekwisha, likabaki lile "hapana" lake mwenyewe, limekaa mezani kama mgeni asiyeaga.

Juma lililofuata alikuwa kwenye duka la njia panda, anatafuta balbu, mtu akamsalimu nyuma yake. "Za asubuhi, mzee Arvil."

Ilikuwa ile sauti. Akageuka. Alikuwa Twyla Combs, binti wa marehemu Estill aliyefanya kazi naye karakana moja, amevaa sare ya zahanati, amebeba mfuko wa chakula cha mbwa begani.

"Ni wewe," Arvil akasema.

"Mimi nini tena?"

"Simu ya Machi."

Twyla akashusha mfuko. Akatazama huku na huku. "Mzee, hapa si mahali."

"Hukujitaja jina."

"Haturuhusiwi."

"Ulijua nadanganya?"

"Mzee Arvil, mimi nimezaliwa Quillen Fork. Polisi walipokuja kwetu baba yangu alikana hata kwamba mimi ni mwanawe. Ulidhani nini, kwamba nitaamini? Napiga simu arobaini kwa wiki, napata hapana arobaini. Kuna mama mmoja, mwanawe ana kisukari tangu utotoni, kaniambia mtoto hajawahi kuiona sindano ilivyo."

"Na ukaandika hivyo hivyo."

"Niliandika ulichosema wewe."

"Namba ya duka la dawa Lorna hakuwapa?"

Twyla akausukuma mfuko kwa mguu. "Aliwapa. Ilikuwa chini ya namba yako. Mstari unaofuata."

"Kwa nini hukuipiga?"

"Kwa sababu ndivyo fomu inavyotaka. Familia ikisema ndiyo, tunapiga duka la dawa kuhakikisha. Ikisema hapana, tunafunga karatasi. Zamani tulikuwa tunaanza na duka la dawa, mzee. Walipokuja hawa wa kampuni wakageuza. Wakatuita semina, bwana mmoja katuchorea ubaoni jinsi dawa zilivyopungua. Akasema wilaya za milimani ndizo zimefanya vizuri kuliko zote. Akatupigia makofi."

Arvil alisimama na balbu yake mkononi. Kumbe hawakuwa wajinga. Siku zote alidhani wakubwa hawajui watu wa bonde wanavyoishi, na hilo lilikuwa kama faraja. Kumbe wanajua. Kuna mtu aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka, ofisini penye zulia, akaisoma hofu yao kama fundi anavyosoma mchoro, akaona tundu, akaweka bomba, akaanza kuchota. Hofu ya bibi yake, hofu ya mama wa yule mwenye kisukari, yote inateremka kwenye ndoo ya yule bwana, na anapiga makofi.

"Liandike hilo," akasema. "Weka sahihi yako."

"Nina watoto wawili na mume asiyeweza kupanda ngazi tatu kwa mapafu yaliyojaa vumbi la mgodini. Usiniombe."

"Sijaomba."

"Basi usinitazame hivyo, mzee wangu!" Akaubeba mfuko, akaenda mpaka kwenye vibiriti, akarudi. "Hati ya kiapo," akasema akitazama rafu. "Ikija na muhuri lazima waiingize kwenye faili. Wapende wasipende. Mimi sijakwambia kitu."

Mwenye muhuri wa serikali kwao alikuwa Hobart Noble, ndiye pia mwenye nyumba ya maziko. Ndiye aliyemzika Orlena. Alimkaribisha Arvil ofisini, nyuma ya majeneza ya maonyesho, akaweka karatasi kwenye mashine yake ya kuchapia.

"Haya, bwana. Unaapa nini?"

"Kwamba niliwaambia Lorna hatumii dawa, na anatumia."

Hobart akachapa kwa vidole viwili, akasimama. "Tuandike hukulielewa swali. Umri wako, simu inakwaruza. Nani atabisha?"

"Nililielewa."

"Arvil. Ukiandika ulidanganya, umejitia kamba mwenyewe. Unajua unamwambia nani? Unaiambia serikali."

"Naijua."

"Mimi nakusemea kama ndugu."

"Na mimi nakwambia kama mteja. Andika nilidanganya."

Ikatoka fupi, kwa maneno yake mwenyewe: *Mimi Arvil Stidham niliulizwa kama mwanangu anatumia dawa. Nilijua anatumia, homoni, sindano moja kila Ijumaa. Nilisema hapana kwa sababu sikuwaamini. Bado siwaamini. Lakini anatumia.*

"Hiyo 'bado siwaamini' tuitoe?" Hobart akauliza.

"Hiyo ndiyo kweli kuliko zote."

Muhuri ukagonga.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyestahili kuambiwa kabla ya serikali. Jumamosi Arvil alinunua hamburger kwenye mashine ya vyakula ya chumba cha wageni, akaipasha moto, akaiweka mbele ya Lorna, akasema yote kwa pumzi moja, macho kwenye chumvi.

Lorna hakupiga kelele. "Kwa hiyo shangazi Beulah..."

"Beulah hana hatia."

"Ulijua wanauliza habari ya sindano?"

"Nilijua."

"Hukusahau? Hukuchanganyikiwa?"

"La."

"Miezi mitano, Baba. Miezi mitano nimekaa nikimchukia mtu nisiyemjua. Nimemlaani kila nikijipangusa jasho. Kumbe ndiye ananipashia hamburger." Akasimama. "Na mwezi uliopita ulinitazama machoni ukanidanganya tena."

"Mama, keti. Bado kuna saa nzima."

"Keti wewe nayo."

Akamwonyesha askari mkono wake mzima kwamba amemaliza. Jumamosi zote zilizofuata Arvil alipanda mlima, akapekuliwa, akavua mkanda, akaketi, na Lorna akakataa kutoka. Askari wa mezani alikuwa anamwambia, "Leo pia hapana, mzee," na Arvil anafunga mkanda wake, anateremka. Hakumlaumu. Aliwalaumu wao, na lawama iliyobaki akajitwika mwenyewe.

Majibu ya kamati ya tiba ya gereza kwa kile kiapo yalikuja Novemba, karatasi moja. *Maelezo ya ndugu mwenye maslahi hayatoshi kuthibitisha matumizi ya dawa.* Arvil aliyasoma kwa sauti kwenye jiko tupu. Akayasoma tena. Alipodanganya kwa simu, kwa dakika moja, mtu asiyeonekana, neno lake lilikuwa zege. Sasa ameapa, ameweka sahihi na muhuri, neno lake limekuwa upepo. Ndugu mwenye maslahi! Mwenye maslahi ni nani? Ni yule aliyevunjika au yule anayepiga makofi kwenye semina?

Akaenda mwenyewe kwenye duka la dawa la mjini. Yule mama wa dirishani alimkumbuka Orlena, akasema kumbukumbu zote zipo, miaka minane, lakini inatakiwa sahihi ya Lorna. Fomu ikatumwa gerezani kwa faksi. Gereza likasema halikuipata. Ikatumwa tena. Halikuipata. Arvil akaipeleka kwa mkono wake, askari wa geti akamwambia wageni hawaruhusiwi kuingiza karatasi.

"Nikupe wewe?"

"Mimi sipokei karatasi."

"Anapokea nani?"

"Zinatumwa kwa faksi, mzee."

Mwisho Arvil akamweleza Lorna kwa barua, na Lorna mwenyewe akamwandikia yule mama kwa posta, akazipata kumbukumbu zake, akazibandika pamoja na kiapo cha baba yake na lalamiko jipya, safari hii la kwenda makao makuu ya jimbo. Akaandika pia kuhusu ile fomu: kwamba duka la dawa halikupigiwa kwa sababu familia ilipigiwa kwanza. Yalipokuwa yanasafiri hayo, alipiga chafya akiwa kwenye foleni ya chakula, ubavu ukapasuka. Chafya tu.

Jumamosi ya mwisho ya Desemba Lorna alikubali kutoka. Alikuja anatembea kama aliyebeba mayai, amejishika ubavuni, kifundo kimefungwa upya kwa kuwa hakikuunga sawa. Arvil alimkumbatia kwa vidole tu.

"Sijakusamehe," Lorna akasema akiketi. "Nimekuja kwa sababu nasikia mashine imeletewa keki za karanga."

"Nikuletee?"

"Mbili."

Hawajamaliza ya kwanza, akaingia Pruitt, ofisa wa malalamiko, kijana mnene mwenye tabasamu, amevaa jezi ya mpira wa kikapu kwa kuwa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Akavuta kiti bila kuombwa, akafungua jalada.

"Nina habari njema, familia. Dawa imepitishwa. Daktari ameweka sahihi. Chupa iko kabatini tangu jana."

Lorna akaacha kutafuna.

"Kilichobaki ni karatasi," Pruitt akasema. "Wewe unaandika hapa kwamba lalamiko limetatuliwa kwa mazungumzo na unaliondoa. Na wewe, mzee, kwa kuwa kiapo chako kimebandikwa humo, unaandika hapa kwamba unakifuta. Ulikuwa hukulielewa swali."

"Nililielewa," Arvil akasema.

"Ni lugha ya fomu tu."

"Kwa nini leo?"

Pruitt akakuna shingo. "Hesabu za mwaka zinafungwa leo. Malalamiko yaliyo wazi yanaingia kwenye ripoti, ripoti inakwenda kwa jaji anayekagua magereza. Hili likifungwa, haliingii. Lisipofungwa, si tatizo, linarudi kamati. Kamati inakaa Aprili."

"Na chupa?"

"Chupa inasubiri kamati."

"Iko kabatini."

"Iko."

"Kutoka hapa mpaka kwenye hilo kabati ni hatua ngapi?"

"Mzee, mimi ni mjumbe tu."

"Kila mtu humu ni mjumbe!" Sauti ya Arvil ilipanda hadi meza za jirani zikageuka. "Nesi mjumbe, daktari mjumbe, wa geti mjumbe. Huyo mwenye ujumbe anakaa wapi? Nipe mtaa wake!" Akamgeukia Lorna. "Usiweke sahihi. Umesikia? Wanaogopa. Hii ikifika kwa jaji na ile habari ya fomu, ni watu arobaini kwa wiki, Lorna. Ni yule mtoto wa kisukari. Tumewashika pabaya."

"Tumewashika?" Lorna akasema polepole. "Nani amewashika, Baba? Wewe leo utateremka mlima, utakula maharage yako. Mimi nitarudi ndani na ubavu huu mpaka Aprili. Wewe unataka kushinda. Mimi nataka sindano."

"Wanataka tudanganye."

"Wewe umeanza lini kuogopa kuwadanganya?"

Arvil akakusanya makombo ya keki kwa kidole.

"Ukisema hapana leo," Lorna akasema, "ni mimi tena nitakayeilipia."

Akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Karatasi ikawa inateleza juu ya meza, hana mkono wa pili wa kuishikilia, sahihi inakwenda upande. Arvil aliitazama ikiteleza. Kisha akaikandamiza kwa vidole vyake, Lorna akamaliza jina lake. Ikaja zamu ya mzee.

"Kijana," akamwambia Pruitt. "Nitazame. Nililielewa swali. Nimesema?"

"Umesema, mzee. Hapo chini, penye mstari."

Akaweka sahihi. Pruitt akanyoosha mkono achukue, lakini kiganja cha Arvil kilikuwa kimeshalala juu ya karatasi zote mbili, kiganja cha miaka ishirini na sita ya spana, vidole vinne na nusu.

"Mlete nesi," Arvil akasema.

"Samahani?"

"Karatasi zitaondoka hapa sindano ikishaingia."

"Haiendi hivyo. Kesho kutwa, kwenye mstari wa dawa, kwa utaratibu."

"Karakanani kwetu fundi halipwi kabla injini haijawaka."

"Mzee, naweza kumwita askari akuondoe mkono."

"Mwite." Arvil akakunja vidole kidogo, karatasi zikalia. "Hizi zinachanika, kijana. Zikichanika utapata nyingine zenye sahihi yangu lini? Angalia saa. Leo ndiyo mwisho, umesema mwenyewe."

Mama mmoja wa meza ya jirani, mwenye mtoto mgongoni, akasema bila kumtazama mtu, "Mwachieni mzee wa watu." Mwingine akaitikia. Pruitt alitazama askari, akatazama karatasi, akatazama saa ya ukutani. Tabasamu lilishatoka zamani. Akachukua redio kiunoni.

Nesi aliyekuja alikuwa mgeni, Arvil hakumjua. Alimwita Lorna kwenye chumba kidogo cha upekuzi, mlango ukaachwa wazi nusu. Arvil hakuondoa mkono. Jasho la kiganja lilianza kulowesha karatasi, Pruitt akawa anatazama wino kwa wasiwasi.

Lorna akatoka, anajifunga kiuno cha suruali kwa mkono mmoja.

"Imeingia?"

"Imeingia."

"Uliiona chupa? Ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe, Baba."

Arvil akainua mkono. Pruitt akazinyakua karatasi, akazipepea zikauke, na kwa kuwa tayari anazo, tabasamu likarudi. "Unaona, mzee? Ukifuata utaratibu, mambo yanakwenda."

"Miezi tisa," Arvil akasema. "Mifupa miwili. Potea mbele yangu kabla sijafungwa na mimi."

Pruitt akaondoka, jalada kwapani. Lorna aliketi taratibu, akavunja keki ya pili, akasukuma nusu upande wa baba yake. Akatafuna kidogo, akitazama mlango aliopitia yule ofisa.

"Na Ijumaa ijayo?" akauliza.

Arvil akaitazama meza. Karatasi zimekwenda, mikono yote miwili iko mezani mitupu.

"Ijumaa nitakuwepo getini," akasema.

"Ijumaa si siku ya wageni."

"Najua."